Yanawaka?

Neno moja la Baba halijanitoka tangu nirudi Tanga. Kozi ya Ujerumani imekwisha, cheti ninacho, wifi kajifungua salama (mnajua tulivyokuwa roho juu), lakini nikiweka kichwa kwenye mto nasikia "Yanawaka?" tu.

Nilimkuta uani, kabureta la Pijo mkononi, anazibua jeti, kile kitundu cha kupitisha mafuta, kwa waya. Shikamoo, marahaba, nikakaa juu ya tairi nimwonyeshe picha za makumbusho ya Mercedes-Benz kule Stuttgart. Unapandishwa kwa lifti hadi juu kabisa, halafu unashuka mdogomdogo pamoja na miaka, kuanzia lile gari la magurudumu matatu la Karl Benz la 1886, silinda moja, nguvu haifiki ya farasi mmoja. Nikamwonyesha na 300 SL, milango inafunguka kwenda juu.

"Yanawaka, mama?"

"Sijui, Baba. Yamewekwa watu wayaangalie."

"Basi umeona makabati."

Akarudi kwenye jeti yake.

Iliniuma. Huyu ndiye aliyenifundisha kujua gari kwa mlio kabla halijakata kona ya Barabara ya Kumi na Mbili, na kule kila nilipopita nilikuwa namtazamia yeye. Kwenye daladala namjibu kimoyomoyo, nikikuna nazi namjibu. Namwambia: zile gari za abiria za chai maharage zilizobeba watu Dar miaka ile, nionyeshe moja leo. Zote zimekwenda chuma chakavu kwa sababu ziliacha kuwaka. Halafu naikumbuka Pijo 404 yake, gari aliloshindia Bert Shankland mbio za magari za Safari 1966 na 1967 (hamjasahau, anawahadithia hata wageni wa msiba). Haina hata bima, lakini kila Jumapili lazima aiwashe. Jibu langu linaniishia hapo.

Jana nikamwendea na kisa cha Bertha, mke wa Benz. Agosti 1888 alilichukua gari bila kumwambia mumewe, akapakia wanawe wawili, Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Mafuta akanunua duka la dawa, Wiesloch. Paipu ya mafuta ikaziba, akaizibua kwa pini ya kofia.

Baba akaweka bisibisi chini.

"Pini ya kofia?"

"Ndiyo, Baba. Na breki za mbao zilipolika, akaingia kwa fundi viatu zikapigiliwa ngozi."

"Ngozi kwenye breki? Si ndiyo lainingi hiyo!" Akacheka mpaka akakohoa. "Mama Saidi! Njoo usikie mwanamke fundi! Hebu nirudishie lile la matairi matatu."

Akaikuza picha kwa vidole. Akaufuata mnyororo hadi gurudumu la nyuma, akaona flaiwili, lile gurudumu zito la injini, imelazwa ubapa, akaniuliza kwa nini wameilaza, akajijibu mwenyewe, akabisha, akajijibu tena. Simu ikanizimia chaji mikononi mwake na bado anauliza. Nilifurahi, jamani, nilifurahi sana.

Ila kabla haijazima, Mama naye alitaka kuona, akaisogeza simu hadi karibu na pua, akafumba jicho la kushoto. Miwani yake hata haijachakaa. Kliniki ya macho ni Jumanne, nami Jumanne niko zamu ya asubuhi, kaka yuko Dar, wifi ndiyo hivyo ana kichanga. Sijui nani atampeleka.