Kijani cha Shanty cha kuangalia tu, chetu ndo kile chenye mbuzi

Jumapili iliyopita nilimpeleka binti yangu wa miaka sita Shanty Town, mtaa wa wenye nazo hapa Moshi, tulipanda bajaji mpaka huko sababu nilimwahidi nitampeleka sehemu yenye miti mingi ya kutosha. Na miti ipo aisee, hilo siwezi kubisha. Mwezi huu wa kumi mijakaranda inamwaga maua barabara nzima inakuwa zambarau, ukiyakanyaga yanapasuka pwa pwa, mtoto kaokota mpaka mifuko ya gauni imejaa akahamia kwenye mifuko yangu mimi. Tulivyochoka akaniuliza, "Baba, sasa tunakaa wapi?" Naangalia kulia michongoma, kushoto ukuta na nyaya za umeme juu yake, mbele geti lenye kibao cha mbwa mkali. Tukakaa kwenye kile kidaraja cha mtaro mbele ya geti la watu, dakika tano nyingi mlinzi huyo hapo, tena kwa adabu zote, "Shikamoo mzee, samahani, bosi anataka kutoka na gari." Mzee mimi, thelathini na nane hii!

Sasa Moshi sisi kwa usafi tunajisikia sana, na ni haki yetu, hata mgeni akishuka stendi anaona tofauti. Kipilefti zina maua, nyasi zinakatwa, ila nitajie kipilefti moja ambayo umewahi kukaa na mtoto mkala machungwa. Huwezi. Na kule Shanty, uzunguni ya zamani, miti ni ya wote ila kivuli kina wenyewe, wewe unapita tu kama anayefanya mazoezi ya Kili Marathoni. (Halafu kituko, hiyo jakaranda tunayopigia selfi asili yake Amerika ya Kusini, na ule mkrismasi wa maua mekundu umetoka Madagaska, yaani hata uzuri wetu ulikuja na meli.)

Mimi nakaa upande wa chini wa reli, mtaa siutaji maana majirani wanasoma humu. Tuna kiwanja chetu, kwenye ramani ya mipango miji kimeandikwa eneo la wazi, basi. Hakuna bustani wala bembea. Kuna mwembe mmoja mkubwa, goli mbili za mawe, mbuzi wa watu tunaowajua, na mama mmoja anakaanga vitumbua asubuhi pale pembeni. Masika ikikolea panakuwa tope tupu, mwezi wa nane panakuwa vumbi. Ukiniuliza ni paki ya kupumzikia, nitakwambia ndiyo, na ina watu kuliko hiyo Shanty yote.

Mwaka juzi nusura tukikose. Jumamosi usiku lori limemwaga mawe na mchanga katikati ya goli na goli, Jumatatu asubuhi mafundi wanachimba msingi. Nani kawatuma? Fundi anasema yeye kapewa kazi tu. Kuna mzee wetu mmoja alikuwa na kopi ya ile ramani, kaikunja imekaa kwenye mfuko wa nailoni miaka na miaka, tukaenda nayo ofisi husika, tukaambiwa faili halionekani njooni kesho, kesho yake mhusika yupo kwenye kikao, mara ya tatu tukaambiwa tuandike barua. Huku nyuma msingi unapanda.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja hapo mtaani ambaye hata ofisini hakwenda. Alituuliza tu, "Nyie watoto, masale hamna kwenu?" Kwa asiyejua, isale, ule mmea wa majani marefu, kwa Mchagga siyo ua la kupendezesha geti, ndilo linalowekwa mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, na ukimkosea mtu ukamfuata na isale mkononi inakuwa vigumu sana kwake kukataa kukusamehe. Basi jioni ile kila nyumba ikatoa vipande, tukazungushia kiwanja chote, mpaka watoto wakachomeka mengine juu ya lile rundo la mchanga. Asubuhi fundi kafika, jamaa wa Kibosho, Mchagga naye, kasimama na koleo lake muda mreeefu, akasema, "Mimi hii siing'oi, tafuteni mwingine wa kuing'oa." Akabeba vifaa akaondoka. Mpaka leo mwenye mawe hajajitokeza kuyadai. Mchanga watoto waliucheza mpaka ukaisha, japo sitaki kuwa mnafiki, ndoo mbili zilienda kurekebisha bafu langu.

Najua kuna mtu ataniambia, si mna msitu wa Rau? Tunao, na ni mali hasa. Bodaboda kidogo tu kutoka mjini unaingia kwenye msitu wa chemchemi, maji yanabubujika yenyewe, mbega wanaruka juu, na kuna mvule ambao mkishikana mikono watu kadhaa bado hamjauzunguka. Nenda, usikose. Ila mke wangu aliniambia neno moja nikanyamaza: "Mtoto akitoka shule saa nane utamtuma Rau akacheze peke yake?" Kwa mtoto wa miaka sita paki ni pale ambapo mama akiita kutoka jikoni anasikika.

Na kinachoniuma zaidi ni mito. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka kwenye kingo za mto zisiwe na shughuli za kudumu za watu, sasa chukua mto Rau, chukua Karanga, weka hizo mita 60 kila upande, hapo mji wetu ungekuwa na uchochoro wa kijani mrefu ajabu. Nenda ukaangalie kilichopo. Sehemu nyingine mahindi, nyingine tofali zinafyatuliwa, nyingine mtu kaelekeza bomba la choo moja kwa moja kwenye maji wala haoni aibu.

Sisi mwezi wa nne tulipanda miche ya miti ya migrivea kumi na mbili kiwanjani, mbuzi wakala tisa, hii mitatu imepona sababu tuliizungushia miiba, na mmoja kati ya mbuzi hao alikuwa wangu kwa hiyo kikaoni nilikaa kimya. Yale mawe ya msingi tuliyavuta tukayapanga kuzunguka mwembe, ndo mabenchi yetu. Moja bado lina alama nyekundu ya fundi, mzee wa ramani kalishika hilo, kila jioni yupo na redio yake, na Jumapili ile tuliporudi kutoka Shanty binti yangu alienda kummwagia maua yote ya jakaranda miguuni akamwambia, "Babu, kule hawana pa kukaa."