Saa Nne za Kwanza

Nimerudi Nairobi jioni hii kutoka Ziwa Naivasha, mikono bado inanuka petroli, na katika daftari la mashine mpya ya boti nimeongeza mstari mmoja: saa nne kati ya kumi za kuizoesha kazi polepole zimetimia, zimebaki sita. Mashine ni ya mdogo wangu, mvuvi wa Lamu, lakini nilimwomba aniachie niizoeshe mwenyewe kabla ya kumsafirishia, kwa sababu ile ya kwanza tuliifungulia mafuta yote siku ile ile ilipotoka sandukuni ili tuone mbio zake, na haikumaliza mwezi kabla pistoni haijakwama ndani ya silinda. Kamba ya kuwashia ilikuwa haivutiki tena. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Bwawa la Nairobi limevamiwa na magugu maji, kwa hiyo nilianza kwa kuiwasha uani, ndani ya pipa la maji. Pipa linatosha kukuonyesha kwamba inawaka na kwamba pampu inavuta maji ya kuipoza, basi. Ringi za pistoni, yaani pete za chuma zinazoizunguka, na ukuta wa silinda hutoka kiwandani na mikwaruzo midogo sana, na ni lazima visuguane mashine ikiwa na mzigo, yaani ikisukuma boti, mpaka vikae pamoja na kuziba gesi isipenye. Ukiikimbiza mapema, joto huunguza oili na chuma hushikana na chuma. Lakini ukiibembeleza kutwa nzima kwa mwendo mdogo, ukuta hung'aa kama kioo na ringi hazikai sawasawa tena. Wengi huonya juu ya kosa la kwanza tu. Mimi naliogopa hata hili la pili.

Mashine yenyewe ni ya stroki mbili, yaani oili yake huchanganywa ndani ya petroli, na kitabu chake kinataka oili maradufu katika saa hizi kumi: lita moja kwa lita 25 za petroli, badala ya lita 50 za kawaida. Moshi ni mwingi, nami nimeukubali. Saa ya kwanza sikupita nusu ya mkono wa mafuta, ya pili nilifika robo tatu, na tangu hapo naifungulia yote kwa dakika chache tu, kisha nairudisha chini ipumue, huku nikijiweka mbali na mafunjo ya ukingoni wanakolala viboko.

Leo uzi wa maji unaoruka nyuma ya mashine kuonyesha kwamba inapozwa ulikonda ghafla, ukawa matone. Nilizima papo hapo, nikaiinua, nikakuta jani la gugu maji limeganda kwenye matundu ya kuvutia maji. Nilipolibandua na kuwasha tena, uzi ulirudi mnene kama kalamu, na moyo wangu ukatulia.

Mdogo wangu amepiga simu usiku huu. “Kaka, bado tu?” Nimemwambia avumilie Jumamosi mbili zaidi, kwani saa ya kumi ikiisha nitafungua skrubu ya chini na kumwaga oili ya gia, niitazame kwenye bakuli jeupe kama ni safi au imegeuka rangi ya maziwa kwa kuingiwa na maji.