Siku Tuliyoteremka Alpi Tukiwa Nakuru

Tanboi, msaidizi wa dereva wa lori, aliingia dukani alasiri akiwa amefura. Lori lao lilikuwa limelala gereji, upande wa Industrial Area, mbolea ya kwenda Kisumu ikiwa juu, turubai limefungwa, karatasi zote ziko sawa. Breki zinashika, taa zinawaka. Kilichokuwa kimeharibika ni egzosti breki peke yake, ile ya kubana bomba la moshi ili injini ilishike gari, na dereva alikuwa amekataa katakata kutoka Nakuru mpaka itengenezwe.

"Mzee ameingiwa na uoga," tanboi aliniambia huku akivuta kiti. "Egzosti si breki. Ni ya kusaidia tu. Mwenye gari anapiga simu kila saa, na mimi pesa ya njiani inaishia hapa hapa."

Ilikuwa mwezi Mei 2018, masika ya mvua isiyokatika. Nilikuwa nikisimamia duka la gemu mjini. Televisheni za kuchezea mpira ndizo zilizolipa kodi, lakini moyo wangu ulikuwa kwenye kona moja ya nyuma, palipokuwa na kompyuta yenye usukani wa Logitech G29 na pedali zake tatu. Hapo nilikuwa na Euro Truck Simulator 2, gemu ya kuendesha malori, kazi ya kampuni ya SCS Software ya Prague, iliyotoka mwaka 2012. Kwa mji kama Nakuru, ambao malori ya kutoka Mombasa kwenda Malaba yanaupita usiku na mchana, gemu hiyo haikuhitaji kutangazwa. Matanboi waliokuwa wakisubiri mizigo walijaa pale. Wengi wao hawakuwahi kuruhusiwa kugusa usukani wa gari wanalolala ndani yake.

Kona ile nilikuwa nimeipanga kwa makini. Usukani uko kulia kama magari yetu. Gia ni za mkono. Na breki za upepo, zinazotumia hewa ya tangini, nilikuwa nimeziwasha za kweli, zile ambazo ukikanyagakanyaga ovyo tangi linapungua, na likipungua kupita kiasi gari linajifunga palepale. Wateja walinisihi niizime hiyo ya upepo. Sikuizima. Lori lenye upepo usioisha linamzoeza mtu kukanyaga, na wale vijana ndio walikuwa madereva wa kesho.

Tanboi alichukua mzigo wa Innsbruck kwenda Verona, Austria mpaka Italia kukata Alpi. Tani ishirini na kitu. Ramani ya gemu hiyo imekunjwa, kilomita 19 za dunia zinakuwa moja, kwa hiyo mlima haukai sana, lakini mteremko upo na uzito upo. Alipanda vizuri. Alipoanza kushuka akaacha gia ya juu aliyokuwa nayo, mguu ukahamia kwenye breki na ukabaki huko. Anakanyaga, anaachia, anakanyaga, anaachia. Mwendo haukuzidi sabini, na yeye aliridhika na hilo.

Sikumwona dereva wake akiingia. Nilisikia sauti tu nyuma yangu, ya utulivu kabisa.

"Upepo wako unaenda wapi?"

Alikuwa mzee wa miaka kama sitini, koti la mvua bado linachuruzika. Alikuwa amekuja kumtafuta kijana wake ili waende kula, na sasa alikuwa ameinama akitazama dashibodi kwenye skrini. Barabara hakuiangalia hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwenye mshale wa upepo. Ulikuwa unashuka kila mguu ulipogusa pedali, unapanda kidogo, unashuka zaidi. Kisha taa nyekundu ikawaka, king'ora kikalia, na kabla kona haijaisha magurudumu yakafunga katikati ya njia.

"Gemu hii ina shida," tanboi akasema.

"Gemu haina shida. Imekufanyia hisani. Huko kwetu moshi ungekuja kabla ya king'ora." Akavua koti. "Hebu toka hapo."

Nilimrekebishia kiti. Kitu cha kwanza alichoniomba ni nipunguze sauti za televisheni zote. Vijana wa mpira walilalamika, akawageukia akawaambia kwa upole, "Wanangu, nipeni dakika kumi, nataka kusikia injini." Wakanyamaza. Akakanyaga breki gari likiwa limesimama, akasikia ugumu wa ile pedali, maana ya G29 ina raba ndani, akatikisa kichwa. "Hii hainiambii kitu. Nitaendesha kwa masikio."

Ilibidi kwanza azoee kukaa kulia mwa barabara kama wanavyoendesha Ulaya. Hilo lilimsumbua kuliko mlima. Mara mbili tatu nilimwona akivutwa kushoto, akajirudisha bila kusema neno.

"Egzosti iko wapi?"

Nikamwonyesha. Kwenye kibodi breki ya injini ni herufi B, lakini mimi nilikuwa nimeihamishia kwenye kitufe cha usukani, chini ya kidole gumba. Pembeni yake nilikuwa nimeweka viwili vya ritada, breki nyingine ya kusaidia, kimoja cha kuongeza ngazi, kingine cha kupunguza. Ritada aliijua, aliwahi kupewa gari lililokuwa nayo, la mtumba kutoka Uingereza. Tukaanza kubadilishana: mimi namweleza vitufe, yeye ananieleza vyuma. Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu mambo hayo, lakini hakuna aliyewahi kunipa mpangilio wake namna ile.

Egzosti breki, alisema, ni kilango ndani ya bomba la moshi. Kikifungwa, injini inasukuma pumzi isiyo na pa kutokea, nayo inachoka, na kuchoka kwake ndiko kunakolishika gari. Ile nyingine ya ndani ya injini yenyewe inafungua vali wakati pistoni imemaliza kukandamiza hewa, nguvu yote iliyokandamizwa inatupwa nje badala ya kurudi kusukuma. Kwa njia hiyo injini inageuka pampu inayokula mwendo. Ritada haihusiani na pistoni. Iko kwenye gia au nyuma yake, ina magurudumu mawili yenye mapanga yanayotazamana, moja linazunguka na jingine limesimama, katikati mafuta. Mafuta yanapata moto, moto unapelekwa kwenye rejeta.

"Umeona? Zote tatu, hakuna iliyogusa laining za breki."

Hapo nilimweleza nilichokuwa nikikijua kuhusu Clessie Cummins, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya injini yenye jina lake. Mwaka 1931 alikuwa ndani ya lori lililokuwa likiteremka Cajon Pass, California, breki zikashindwa, nusura wagonge treni ya mizigo kwenye makutano ya reli. Hakuisahau siku ile. Miaka mingi baadaye, akiwa amestaafu, aliunda breki hiyo ya injini, na kampuni ya Jacobs ikaanza kuiuza mwaka 1961. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo alitoka hai ndiyo maana akaunda."

Sasa akaanza kushuka.

Kabla barabara haijainama alikuwa ameshateremsha gia, moja, nyingine, na nyingine tena, mpaka lori likawa linatambaa karibu 45 na injini inalia. Akabonyeza kidole gumba. Mshale wa mizunguko ukapanda karibu na 2,000 ukakaa hapo. "Breki ya injini inataka injini iwe juu," alimwambia tanboi bila kugeuka. "Ukiiweka kwenye gia kubwa ukasema umewasha egzosti, umewasha kelele tu. Na gia unachagua huku juu. Ukishaanza kukimbia, gia haiingii. Ukiitoa ili uingize nyingine ikakataa, sasa uko nyutro na mlima ni wako."

Akaongeza ritada ngazi moja. Mguu wake wa kulia ulikuwa sakafuni, mbali na pedali zote. Niliutazama huo mguu kwa muda mrefu. Magari madogo yalitupita, basi likatupita, mzee hakuhangaika. Mwendo ulipopanda mpaka kama 55 alikanyaga breki mara moja, kwa nguvu, mpaka 45, akaachia kabisa. Mshale wa upepo ukashuka kidogo, ukapanda ukajaa. Baada ya muda akarudia. Alikuwa anazipa ngoma za breki nafasi ya kupoa na kompresa nafasi ya kujaza tangi.

"Wewe ulikuwa umeushika mguu hapo muda wote," alisema. "Ngoma ikipata moto inatanuka, inaikimbia laining. Unakanyaga, pedali ipo, upepo upo, breki hakuna. Watu wanasema breki zimefeli. Zimechoshwa."

Mvua ikaanza kunyesha ndani ya gemu, kama ilivyokuwa ikinyesha juu ya mabati yetu. Nilidhani ataongeza ritada. Alipunguza. Tanboi akauliza mbona, na hilo ndilo swali zuri aliloliuliza siku ile. Breki hizi za kusaidia zinashika magurudumu ya kuvutia peke yake, mzee alieleza, zile za nyuma za kichwa. Trela halijui kitu, linaendelea kusukuma. Kwenye lami yenye maji, hasa ukiwa umebeba kidogo au hukubeba, kichwa kinashikwa huku trela likija, gari linajikunja. Kwenye maji unataka magurudumu yote yagawane kazi. Kwa hiyo gia ndogo zaidi, mwendo mdogo zaidi, ritada kidogo.

Tanboi akanyamaza, halafu akasema kile kilichokuwa kinamkera tangu asubuhi: mbona wengine wanatoka Nakuru bila egzosti na wanafika, tena wanaachilia nyutro kabisa ili wabaki na dizeli ya kuuza.

Mzee aliegesha. Aliegesha kabisa, akavuta handbreki, ndipo akamgeukia. Sisi wa Nakuru hatuhitaji kuelezwa Sachangwan, Migaa na Salgaa, sehemu za barabara yetu zenye sifa ya ajali. Miezi michache kabla, alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa wakafa watu 36. Mzee hakuitaja ajali hiyo wala nyingine yoyote. Alizungumzia dizeli. Gari la siku hizi lenye kompyuta, alisema, likiwa ndani ya gia na hujakanyaga mafuta, linakata dizeli lenyewe kwenye mteremko. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitia nyutro, injini inabidi ijilishe ili isizime. Kwa hiyo mtu anahatarisha watu wote walio mbele yake, na dizeli yenyewe haibaki.

"Na kutoka Kericho kwenda Ahero unateremka nini?" aliuliza. "Unateremka chai mpaka mpunga. Mbolea iko nyuma inakusukuma njia nzima."

Usiku nilipofunga duka nilikaa nikaipigia hesabu safari hiyo. Kutoka Kericho hadi uwanda wa Ahero ni zaidi ya mita 800 za kushuka. Lori la tani 40 likishuka mita 800 linaachilia takriban megajuli 314. Joto hilo linatosha kuchemsha zaidi ya lita 900 za maji ya nyuzi 20. Sehemu inamezwa na upepo wa njiani na matairi. Inayobaki ina mlango mmoja kati ya miwili: injini na rejeta yake, au ngoma za breki. Nilibaki na karatasi ile mbele yangu nikimfikiria mwenye gari aliyekuwa anataka huo mlango wa kwanza ufungwe kwa sababu mteja wa Kisumu ana haraka.

Maana alipiga simu tena, mzee akiwa bado kwenye kiti cha gemu. Hatukusikia upande wa pili. Tulisikia, "Ndiyo, bosi." Tulisikia, "Nimekuelewa, bosi." Kisha, kwa sauti ileile ya kuwaomba vijana wa mpira wapunguze kelele: "Kama kuna dereva wa kuipeleka ilivyo, mtume achukue funguo. Lakini kijana huyu hatapanda naye, nitamrudisha kwao mimi mwenyewe." Kimya kirefu. "Asante. Nitamwambia fundi."

Kesho yake asubuhi niliacha duka kwa jirani, nikaenda gereji. Nilitaka kukiona hicho kilango. Fundi alikuwa ameshakifungua kwenye bomba: bamba la mviringo, linatoshea kiganja changu, limeshikwa katikati na ekseli nyembamba, na ekseli imegandamana kwa masizi hata haigeuki kwa spana. Masizi tu. Alikiloweka kwenye dizeli, akakikwangua kwa waya, akakigonga taratibu, akakiloweka tena. Tanboi ndiye aliyekuwa ameshika tochi. Hakuna aliyemwambia aishike. Kiliposhtuka kwa mara ya kwanza alimwomba fundi amwachie akigeuze mwenyewe, akakigeuza, wazi, funga, wazi, funga, vidole vyeusi.

Walikifunga mahali pake, wakaunganisha paipu ya upepo. Mzee akapanda, akawasha injini, akaipandisha mizunguko, akaachia mguu na kubonyeza swichi. Mlio wa bomba ukabanwa, ukawa mzito, injini ikashuka haraka. Kwenye gemu mlio huo ni mwembamba kuliko vile, na hilo nilimwambia. Akasema nikiwaandikia wenye gemu niwaambie waje kuurekodi Nakuru. Halafu akamwita tanboi aingie upande wa dereva, airudie hiyo swichi gari likiwa limesimama, mpaka kidole kiijue bila macho kutafuta, na mimi na fundi tukasimama nyuma kwenye moshi tukimpigia kelele kila ilipofunga.