Zege zima, udongo ndio umehama

Leo tumebomoa jamvi, yaani sakafu ya zege, la baraza ya nyumba lililopasuka, na nilichokiona chini yake kimenifanya niandike. Zege lenyewe lilikuwa gumu, nondo hazina kutu. Tatizo ni udongo: mfinyanzi mweusi, umekauka na kuachana hadi kiganja kinazama kwenye nyufa zake. Upande wa bomba la kufulia ulikuwa bado na unyevu, umevimba na kulisukuma jamvi juu. Upande wa jua umesinyaa na kuliacha halina kitu chini. Hapo lazima lipasuke, hata uongeze saruji kiasi gani.

Jamani, kwenye mfinyanzi pambaneni na maji kwanza. Uchimbwe uondolewe, ijazwe moramu (udongo mwekundu wenye changarawe) kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe. Maji ya paa yapelekwe mbali na msingi. Miti mikubwa nayo ipandwe mbali, mizizi yake hunyonya unyevu upande mmoja. Jamvi la sentimita 10 likatwe viungo, yaani mistari ya kuongoza nyufa, kila mita 3 hivi, kina robo ya unene.

Na kumwagilia! Kwenye jua kali na upepo, zege hukauka juu kabla halijakomaa. Lifunikwe kwa magunia yaliyolowa siku 7. Fundi akikwambia 2 zinatosha, mkatalie.