Mstari wa chini kwenye kaburi la Pangani

Picha ya kwanza niliyopiga ya kaburi la babu yake baba, katika makaburi ya ukoo wetu Pangani, ilipendeza lakini haikunifaa kitu. Jina lilisomeka kwa herufi za Kiarabu, na chini yake mwaka 1337. Mstari wa mwisho ulifunikwa na nyasi, wala sikujua kwamba upo. Nikaandika daftarini "alifariki 1918", kwa kuwa wazee husimulia kwamba alichukuliwa na yale mafua makali yaliyopita pwani mwishoni mwa vita vya Wajerumani na Waingereza.

Mwaka 1337 wa Hijria ulianza Oktoba 1918 ukaisha Septemba 1919. Jiwe, basi, halikusema 1918; niliyesema ni mimi, kwa kutumia simulizi la wazee, kisha nikalitaja jiwe kuwa ndilo shahidi. Tangu hapo kila picha ya kaburi ninaiandikia karatasi yake: kwanza nani aliipiga, lini, na kaburi liko wapi ndani ya uwanja; kisha maneno ya jiwe yote yalivyo, hata yenye makosa, na palipofutika naandika kwamba pamefutika; tafsiri yangu naiweka mbali, chini ya mstari.

Niliporudi, shangazi alinisindikiza. Nilikuwa nimeshatoa simu mfukoni aliponizuia.

"Mwanangu, umewasalimia wenyewe kwanza?"

Nikawatolea salamu. Tuling'oa nyasi, tukalimwagia jiwe maji matupu, kwani chaki na brashi ya waya, ambazo watu huzipenda mno, hula herufi. Ilikuwa asubuhi, jua linapiga kwa ubavu, na kila herufi ikatoa kivuli chake. Mstari wa chini ulisema: usiku wa Ijumaa, mwezi wa Safar, yaani Mfunguo Tano. Tarehe haikuandikwa. Hata hivyo Safar ya mwaka ule iliangukia Novemba na siku za mwanzo za Desemba 1918, na usiku wa Ijumaa kwetu ni ule unaoanza Alhamisi jua likishatua, jambo ambalo mtu anayehesabu siku kuanzia saa sita za usiku angelikosea kwa siku nzima.

Nikadhani nimemaliza. Shangazi akasema, kama jambo dogo tu, kwamba saruji ile ilitiwa yeye akiwa msichana, na fundi alinakili maneno kutoka jiwe la matumbawe lililokuwa limevunjika. Basi nililokuwa nikilisoma ni nakala, iliyoandikwa na mtu ambaye hakuwapo mazishini. Niliyaandika maneno ya shangazi pamoja na siku aliyoyasema, tukaanza kutafuta vipande nyuma ya ukuta. Tulipata kimoja, kipana kama kiganja, nikakipiga picha pande zote mbili pamoja na rula. Kina herufi mbili tu zinazosomeka, swadi na fa, zile zinazoanza neno Safar.