Nilivyowapatanisha vijana wangu waliogombania desimali

"Mfungie tu, atakayenuna aondoke." Ushauri huo wa kuwashughulikia wanaogombana kwenye mradi wa programu nimepewa na watu wengi, na umenichosha. Mfano wao ni Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaoandikwa na watu wengi kwa pamoja: eti mwanzilishi wake, Linus Torvalds, alikuwa mkali na mradi ukakua. Hawamalizii. Mwaka 2018 Torvalds mwenyewe aliomba radhi kwa barua pepe zake za ukali, akakaa pembeni kwa muda, na Septemba hiyohiyo mradi ukapitisha kanuni za maadili.

Hapa Mtwara tuna programu huria, yaani ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiendesha) uko wazi kwa yeyote kuunakili na kuurekebisha, ya kuandikia kilo za korosho mkulima anapopima, kabla mzigo haujaenda ghalani. Kijana wa Newala aliandika uzito kwa desimali. Mwenzake wa Nachingwea akafuta kazi yote, akaweka gramu kwa namba nzima, na juu yake akaandika: "Nani aliruhusu huu uchafu?" Wa Newala akatangaza kwamba ananakili msimbo na kuanzisha mradi wake.

Tukapiga kura. Ikaharibu zaidi! Walioshinda walitamba, walioshindwa wakaacha kutuma kazi.

Ndipo nikampigia simu kila mmoja peke yake. Huku kusini tumezoea utani, lakini utani kwenye maandishi husomeka kama tusi. Nikawapa sharti moja: andika hoja ya mwenzako mpaka yeye akiri umemwelewa. Wa Nachingwea alianza na "anataka desimali kwa sababu ni mvivu." Nikamwambia, "Mdogo wangu, hiyo si hoja. Rudia." Akarudia, akarudishiwa tena, hadi akaandika: karani anasoma kilo 62.4 kwenye mizani. Ukimlazimisha kuandika 62400 atakosea sifuri, na mkulima ndiye atakayepunjwa. Jibu la wa Newala likaja palepale: "Hapo sawa, kaka."

Wa Newala naye, ili aeleze hoja ya gramu, ilibidi aijaribu. Akajumlisha 0.1 na 0.2, kompyuta ikamletea 0.30000000000000004, maana huhifadhi desimali kwa mfumo wa namba mbili tu, 0 na 1, na sehemu ya kumi haikai kamili humo. Akanipigia mwenyewe: "Kaka, jamaa ana haki."

Kilichobaki kilikuwa chepesi. Karani anaandika desimali, ndani programu inatunza gramu. Neno "uchafu" mwandishi wake alilifuta bila kuambiwa, akaandika badala yake mfano wa mzigo unaoleta jumla yenye kosa. Hivyo ndivyo ninavyotaka tukosoane: taja mzigo, taja jumla, mtu muache. Marekebisho yaliingia kabla msimu haujafunguliwa, yakiwa na majina yao wote wawili.