Vigae Vitatu vya Sleti

Nilijifunza kuezeka nikiwa Tanga, kwa mabati, kabla ya kuhamia Wales ya kaskazini, ambako nyumba nyingi za zamani zimeezekwa kwa sleti, yaani jiwe la rangi ya kijivu lililopasuliwa likawa mabamba membamba. Siku moja niliitwa kwenye nyumba ya zaidi ya miaka 100 karibu na Bethesda, mji uliokua kwa sababu ya machimbo ya sleti ya Penrhyn, nikabadilishe vigae vitatu vilivyoteleza. Nilipotazama kutoka chini, nilimwahidi bibi mwenye nyumba kwamba ningemaliza kabla ya adhuhuri.

Kigae cha sleti hakivutwi kwa mkono, kwa kuwa kichwa chake, penye misumari, kimefunikwa na vigae vya safu za juu. Fundi hupitisha chini yake chuma kirefu chembamba chenye ncha kama ndoana, akapapasa mpaka kiushike msumari, kisha akagonga mpini wa chuma hicho kwa nyundo hadi msumari ukatike. Nilipogonga mara ya kwanza, vigae viwili vya jirani, ambavyo sikuvigusa, vilishuka vyenyewe hadi kwenye mfereji wa maji. Niliokota kimoja, nikakining'iniza kwa vidole na kukigonga kwa kifundo: kililia kama kengele, dalili ya jiwe zima. Msumari wake ndio uliokuwa umeliwa na kutu, umebaki mwembamba kama sindano katikati, huku kichwa chake kikionekana kizima.

Hilo ndilo linalowaponza wengi wetu. Kigae kimoja kikiteleza, huwekwa kingine na kuzuiwa kwa ukanda wa madini ya risasi, unaopigiliwa katikati ya vigae viwili vya chini na kukunjwa ncha ili ukishike kwa mbele. Kwa vigae vichache ni dawa nzuri. Lakini misumari ya paa zima ikiwa imeoza, kuendelea kubandika viraka ni kumla mteja fedha zake, na hatari ya kigae kumwangukia mpita njia inabaki palepale. Nilishuka, nikamweleza bibi ukweli, ingawa niliona uso wake ulivyobadilika nilipotaja gharama.

Tulipoingia darini ndipo tulipokuta vinyesi vidogo vikavu, vinavyosagika vikishikwa. Walikuwa popo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inawalinda popo pamoja na makazi yao, hivyo kazi ilisimama mpaka mtaalamu alipokagua na kuelekeza.

Niliporudi, nilifungua upande ule wote, nikavigonga vigae kimoja kimoja, nikavipanga vizima kwa kuvisimamisha ubavu dhidi ya ukuta. Vingi vilirudi juu vilevile, safari hii kwa misumari ya shaba.